Ufunguo wa Pikapu ya Bibi Onoria

Sogeeni karibu na moto, wakubwa kwa wadogo. Mwenye mtoto ampakate, mwenye kazi ya mikono aendelee nayo, mimi nahitaji masikio tu. Hadithi hii imenijia bila jibu. Nikimaliza, jibu litatoka kwenu.

Kwenye milima ya baridi, huko ambako watu hulima viazi na pareto, na ukungu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi, waliishi watu watatu. Hawakuwa ndugu, wala hawakuwa marafiki. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake, na kila mmoja alikuwa peke yake.

Wa kwanza aliitwa Zakaria Ilomo. Zamani alikuwa utingo wa malori ya mbao, mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya mzigo na mguu wake mmoja ukabaki mfupi. Kipaji chake kilikuwa jicho. Akitazama mlango, alijua kama kabati litapita au halitapita. Watu wakihama nyumba walimwita, naye aliwaelekeza, inueni huku, geuzeni kule. Vyombo vikishaingia vyote, walimshukuru, wakafunga mlango, naye akabaki nje.

Wa pili aliitwa Sarafina Mahenge, mjane ambaye hata uso wake ulikuwa haujapata makunyanzi. Kipaji chake kilikuwa kutunza. Kitu kikiwa mikononi mwake hakikuzeeka. Mbegu za viazi zilizooza kwa wengine, kwake zilichipua. Watu walimpelekea mbegu zao awahifadhie. Msimu wa kupanda ulipofika walikuja kuzichukua, wakaondoka na magunia yao kichwani, na ua wake ukawa mtupu tena.

Wa tatu aliitwa Obadia Nkwama. Huyu aliishi kwenye kambi ya wapasua mbao katikati ya msitu wa miti ya misindano. Kambi yenyewe ilikuwa imehama, lakini yeye hakuhama, maana hakuwa na mahali pa kuhamia. Alibaki na jenereta moja na mashine moja ya kuchomelea. Kipaji chake kilikuwa mikono. Chuma kilichokatika, akikiunganisha Obadia, kingekatika penginepo lakini si pale. Watu walimletea majembe na baiskeli, wakasimama mbali kwa sababu ya cheche, wakachukua vyao, wakaenda.

Sasa sikilizeni habari za Bibi Onoria.

Bibi Onoria na mumewe, Mzee Tweve, hawakujaaliwa mtoto. Walikuwa na nyumba mwisho kabisa wa mlima, chumba kimoja cha uani, na pikapu kuukuu ya rangi ya majani makavu. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa gari pekee la mlima mzima. Ilipeleka wajawazito hospitali, ilipeleka viazi gulioni, na watu wakifa mbali ndiyo iliyokwenda kuwaleta. Kila asubuhi palikuwa na mtu mlangoni. "Shikamoo, mama. Mzee yupo? Tuna mgonjwa." Bibi Onoria alikuwa akisonga ugali mkubwa kuliko tumbo lake na la mumewe, kwa sababu hapakukosa mtu wa kumkaribisha.

Mzee Tweve alikuwa na desturi moja. Miezi ya baridi kali, ile ambayo ukiamka unakuta majani meupe kwa barafu, kila jioni alifungua maji yote ya gari yakamwagika chini. Asubuhi alichemsha mengine akajaza. Hakuwahi kumweleza mtu kwa nini. Ilikuwa kazi yake, kama wewe unavyofunga kuku bila kuhutubia.

Mzee Tweve akafa katika miezi hiyo hiyo ya baridi.

Na milima ile ina mila yake. Mtu akifa, vyombo vyake haviguswi mpaka matanga yaondolewe. Jembe lake linabaki pale alipoliegemeza, na kofia yake inabaki msumarini. Basi na pikapu haikuguswa. Waombolezaji walilala wameizunguka, wengine walikaa kando yake wakilia. Hakuna aliyefungua maji. Usiku mmoja barafu ikaanguka, maji yakaganda ndani ya injini, na injini ikapasuka ubavuni kama chungu.

Walikuja kulijua hilo matanga yalipoondolewa. Shemeji mmoja alijaza maji ili awapeleke wageni stendi, na maji yakatoka ubavuni mwa injini yakachuruzika chini. Watu wakatazama, wakatikisa vichwa. Wageni wakaondoka kwa miguu. Baada ya hapo hapakuwa na sababu ya mtu kupanda mpaka mwisho wa mlima.

Mwanzoni Bibi Onoria aliendelea kusonga ugali mkubwa. Kisha akapunguza. Mwisho alikuwa akichemsha kiazi kimoja, akakila amesimama.

Siku moja ya gulio alijifunga khanga yake nzuri, akashuka. Alitaka kutangaza jambo mbele ya watu wote. Akasimama katikati ya gulio, akangoja watu wanyamaze. Hawakunyamaza. Basi akamwendea mama mmoja muuza chumvi, akamwambia yeye peke yake.

"Atakayeirudisha pikapu ya mume wangu barabarani, nitampa ufunguo wake. Gari litakuwa lake, na chumba cha uani kitakuwa chake, na yeye atakuwa mtoto wa nyumba yangu. Sitamdai chochote ila salamu ya asubuhi."

"Salamu tu, mama?"

"Salamu tu. Ni muda mrefu sijaambiwa shikamoo nikiwa kwangu."

Muuza chumvi hakuhitaji kuombwa. Kabla jua halijageuka, gulio zima lilikuwa na habari hiyo.

Walikuja mafundi. Wa kwanza alishusha injini iliyopasuka, akailaza chini ya paa, akasema anakwenda mjini kutafuta nyingine ya aina ile ile. Hakurudi. Wa pili alisema injini za aina ile hazipatikani tena, labda kwa vyuma chakavu. Wa tatu alimshauri bibi aikate pikapu auze mabati. Baada ya hao, kuku akaanza kutagia pale ilipokuwa injini.

Ndipo akaja Zakaria, anachechemea.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Hapana, bibi. Spana sijui hata kuishika. Nimekuja kutazama."

"Wametazama wengi, baba. Kutazama hakuwashi gari."

"Ni kweli. Naomba kigoda."

Akainua boneti, akamwondoa kuku kwa adabu, akakaa mbele ya lile shimo. Alikaa mpaka kivuli chake kikahama upande. Bibi Onoria alipita na ndoo, akapita na kuni, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Sasa unatazama nini, na injini haimo?"

"Natazama pale ambapo haimo," alisema Zakaria. "Wenzangu walitafuta injini ya jina lile lile. Mimi natafuta ya umbo lile lile. Jina halikai ndani ya gari, bibi. Umbo ndilo linalokaa."

Kesho yake alikata mianzi. Akaipasua, akaifunga kwa kamba, akatengeneza kitu kama tenga, chenye ukubwa wa lile shimo. Akaacha pengo la mbele ili feni isiguse rejeta. Akaweka kijiti kila mahali ambapo injini ingeegemea. Akatoboa nyuma mahali pa kupitisha gia boksi. Alipoliingiza tenga ndani ya pikapu, likakaa kama limezaliwa humo.

Kisha akalibeba kichwani, akaanza kutembea. Bonde hadi bonde, kila palipokuwa na gari lililokufa, aliivisha injini yake lile tenga. Watoto walimfuata.

"Mzee Zakaria, mbona tenga halina kuku?"

"Kuku wangu ananguruma. Mkimwona mniambie."

Watu wazima nao hawakumwacha. "Huyu mguu ulipovunjika ulivunjika na akili," walisema, naye alisikia, akapita. Injini nyingine ilikuwa ndefu, nyingine pana, nyingine ilitaka kutokeza kwenye boneti. Mvua zikaja, na yeye bado anatembea. Viazi vyake, ambavyo ndivyo vilivyomlisha mwaka mzima, viliungua shambani kwa ukungu bila mtu wa kuvipiga dawa. Alivikuta vimelala, vyeusi. Akavitazama kidogo, akabeba tena tenga lake.

Hivyo ndivyo alivyofika kwa Sarafina.

Mume wa Sarafina alikuwa dereva wa teksi. Alikufa barabarani, amesimama nyuma ya gari lake akimtolea abiria mizigo, lori likaja likakosa breki. Gari lililetwa nyumbani likiwa limebondeka nyuma yote, lakini mbele lilikuwa zima, hata taa hazikuvunjika. Wanunuzi wa spea walikuja wengi. Sarafina aliwapa maji ya kunywa, akawaonyesha njia.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, aliketi kwenye kiti cha dereva, akawasha injini. Haikwenda popote, na haingeweza. Alisikiliza tu. Mumewe akirudi nyumbani, sauti ile ndiyo iliyotangulia kufika, kisha yeye. Sarafina alijua kwamba sasa ingefika sauti peke yake. Lakini alibadilisha oili, akasafisha plagi, akaikinga injini na baridi kwa blanketi lake mwenyewe. Katika milima yote hapakuwa na injini iliyokuwa na afya kama ile.

Zakaria alibisha hodi, akaeleza shida yake. Sarafina akamruhusu kupima, labda kwa kumwonea huruma na mguu ule. Injini ikalivaa tenga. Likashuka mpaka chini, kijiti kwa kijiti. Zakaria akafumba macho.

"Basi, umepima," alisema Sarafina. "Sasa ondoka, kaka yangu. Hii haiuzwi."

"Sikuja kununua, dada. Sina cha kununulia."

"Wewe una wazimu wa kweli. Wenzako wanakuja na pesa nawafukuza, wewe unakuja na tenga?"

"Nimekuja na tenga."

Sarafina akacheka. Ilikuwa muda mrefu hajacheka, na kicheko kikamtoka vibaya, akaziba mdomo. Kisha akauliza ni gari la nani. Zakaria akamweleza habari za Bibi Onoria, ugali mkubwa, na salamu ya asubuhi.

Sarafina aligeuka kulitazama gari lake. Mwisho akauliza, "Ikiwashwa kule juu, nitaisikia hapa?"

"Upepo ukiwa wa kuja huku, utaisikia."

"Na ukiwa wa kwenda kule?"

Zakaria hakutaka kumdanganya. "Hutaisikia, dada."

Asubuhi iliyofuata Sarafina aliwasha injini kwa mara ya mwisho, akaiacha ilie mpaka mafuta yakaisha yenyewe. Kisha akashuka, akasema, "Njooni mchukue." Zakaria na vijana aliokuja nao walipoibeba kwa miti hadi kwa Bibi Onoria, Sarafina alirudi kukaa kwenye kiti kile kile, mbele yake boneti tupu. Asubuhi zilizofuata alichelewa kuamka. Hapakuwa na kitu cha kumwamsha.

Lakini hadithi haijaisha. Injini iliyolala kwenye majani si gari.

Zakaria alikwenda msituni kwa Obadia. Alimkuta anakula peke yake, redio imezimwa kuokoa betri, akamweleza kazi yenyewe na ahadi ya bibi.

"Mimi sijawahi kuweka injini ya gari dogo kwenye pikapu," alisema Obadia.

"Hata mimi sijawahi kuona."

"Kwa hiyo tutakosea wote."

"Tutakosea pamoja."

Obadia alifikiri juu ya neno hilo, pamoja. Akachukua mashine yake na jenereta.

Uani kwa Bibi Onoria alisimamisha magogo matatu yakakutana juu kama paa, akafunga mnyororo, akainua injini. Ikashuka polepole ndani ya pikapu, mbele sawa, ubavu sawa, nyuma sawa. Bibi Onoria alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele. Ikabaki nafasi ya kiganja, na injini ikakataa.

Zakaria akalala chini kuchungulia. Alipoinuka alikuwa amebadilika rangi.

"Tumbo," alisema. "Nimesahau tumbo."

Chini ya injini kuna bakuli la oili ambalo mafundi huliita sampo. Katika pikapu, bakuli lile lilikaa kwa nyuma. Katika injini ya Sarafina lilikaa kwa mbele, likagonga chuma kinachobeba magurudumu. Tenga la mianzi lilikuwa limepima kila kitu isipokuwa upande wa chini, ambao mtu hauoni mpaka alale chini.

"Kata hicho chuma cha chini," alisema shemeji mmoja aliyekuwa amepita kuchungulia.

"Nikikata hicho, gari litakunjika na watu ndani," alisema Obadia. "Shemeji, nenda kanywe ulanzi wako."

Akafungua lile bakuli, akalikata vipande, akaligeuza, akaanza kuliunganisha upya ili tumbo lihamie nyuma. Bati lilikuwa jembamba. Moto ukizidi lilitoboka, ukipungua halikushika. Alijaza maji kupima, likavuja. Akarudia. Likavuja pengine. Akarudia. Bibi Onoria alimletea uji, akauweka mbali na cheche, ukapoa, akaupasha, ukapoa. Baada ya bakuli, Obadia alifupisha ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, akatengeneza miguu ya chuma ya kuegemeza injini pale pale vilipokuwa vijiti vya Zakaria. Alikuwa kwenye mshono wa mwisho kabisa mashine yake ilipotoa moshi mweupe, ikanyamaza. Ilikuwa imeungua ndani. Hakuwa na nyingine, wala njia ya kupata nyingine. Aliugusa mshono. Ulikuwa umeshika. Wakaishusha injini tena, na safari hii ikakaa.

"Washeni," alisema.

Bibi Onoria mwenyewe ndiye aliyezungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikasita, kisha ikalia, laini na sawasawa, kama haijawahi kulia kwingine. Upepo ulikuwa wa kwenda bondeni. Ng'ambo ya bonde, Sarafina alitupa jembe. Alishuka mbio, akavuka kijito na viatu, akapanda mlima, akafika uani anahema, akasema neno moja tu, "Yenyewe." Akaweka kiganja juu ya boneti.

Wakapanda wote. Obadia akaendesha, Bibi Onoria kando yake, Zakaria na Sarafina nyuma wameshikilia vyuma. Bibi alikuwa amejitayarisha kuona milango ikifunguliwa nyumba kwa nyumba, kama zamani. Lakini walipita nyumba ya kwanza, hakutoka mtu. Ya pili, hakutoka mtu. Watu wa mlima ule waliijua pikapu kwa mngurumo wake, ule wa kukwaruza, na mngurumo huu hawakuujua. Walidhani ni wapita njia. Bibi Onoria alishikilia mkono wa mlango, akatazama mbele.

Mwisho, mwanamke mmoja aliyekuwa akianika pareto aliinua uso, akamwona. "Jamani! Si Mama Tweve huyo! Njooni!" Ndipo wakaja wote, wakalizunguka gari, wakashika mikono yake kupitia dirishani, kila mtu anasema lake. Mama, umepona? Mama, kesho tuna mgonjwa. Mama, hata hutujui? Bibi Onoria alifungua mdomo, maneno yakakataa kutoka. Machozi yalimjaa.

"Nirudisheni nyumbani," alimnong'oneza Obadia.

Waliporudi, bibi alileta ungo, akauweka katikati ya ua, akaweka ufunguo juu yake. Wakakaa wote wanne. Kisha Zakaria akakohoa.

"Sikupenda kusema," alisema. "Lakini bila jicho langu, injini hii ingekuwa inalia hadi leo mahali pasipo na safari. Nimepoteza msimu. Mwaka huu nitakula kwa nani?"

"Jicho lako lilisahau tumbo," alisema Obadia.

"Lilisahau. Lakini ni wewe ulikuja kuniita, au mimi nilikuja kukuita?"

"Uliniita. Na mimi nilikuja na mkate wangu wote. Mashine ile ndiyo iliyokuwa ikinilisha. Nikirudi msituni sasa, nakwenda kufanya nini? Kuitazama misindano?"

Sarafina alikuwa akichora chini kwa kijiti. "Ninyi mmetoa msimu na mashine," alisema. "Msimu unarudi. Mashine zipo nyingi duniani. Mimi nilichotoa kilikuwa kimoja."

"Lakini dada, utaweza kuendesha kwenye mlima huu?"

"Kaka Obadia, umeniona nikishindwa nini?"

Obadia akainamisha kichwa, akatabasamu kidogo. "Sijaona."

"Basi tuendeshe kwa zamu," alisema Zakaria. "Huyu mwezi huu, huyu mwezi ule."

Bibi Onoria akatikisa kichwa. "Hapana, wanangu. Anayekuja kwa zamu ni mgeni. Wageni nimekuwa nao maisha yangu yote, na mliona wenyewe walivyoacha kuja. Nataka mtu ambaye hata gari likiharibika tena, atakuwepo."

"Basi tuchukue wote watatu," alisema Sarafina, kwa sauti ndogo.

Bibi akamgeukia. "Chumba ni kimoja, na shamba langu halilishi watu wanne. Hilo mnalijua. Lakini siyo hilo tu, mama. Leo mmeniona pale barabarani. Nimekaa peke yangu mpaka nimesahau namna ya kuongea na watu wengi. Wakisema wawili kwa pamoja, nasikia kama mvua kwenye bati. Mtu mmoja nitamweza. Nitajifunza naye taratibu."

"Basi chagua wewe, bibi," alisema Obadia.

"Nikimchagua mmoja, mkono wangu ndio utakaokuwa umewafukuza wawili. Siwezi. Amueni ninyi."

Akainuka, akaingia chumba cha uani, akaacha mlango wazi. Wakamsikia akikung'uta godoro. Wakamsikia akifagia.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, pimeni kwa haki. Mkisema Zakaria, kumbukeni kwamba mianzi yake haikuwa na nguvu ya kusogeza hata kuku. Lakini ni yeye aliyeona palipo na nafasi wakati wengine wote waliona pengo. Mkisema Sarafina, kumbukeni kwamba hakutembea wala hakuchomelea. Lakini ni yeye peke yake aliyetoa kitu ambacho hakitapatikana kwingine, akakaa na ukimya wake. Mkisema Obadia, kumbukeni kwamba aliitwa mwisho, kazi ikiwa nusu imefanyika. Lakini nusu hiyo ilikuwa imekwama kwa nafasi ya kiganja, na kiganja hicho kilimgharimu mkate wake.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni. Watatu wale walikuwa bado wamekaa, hakuna anayetazama ungo, hakuna anayenyoosha mkono, hakuna pia anayeinuka kwenda zake. Ndipo sauti ya Bibi Onoria ikatoka chumbani.

"Kitanda kiko tayari. Mmoja wenu aingie."

Mngemwambia nani aingie? Na wale wawili wengine, wakati wanashuka mlima, mngewaambia nini?